Mcheza Kwao Hutunzwa: Kumbukumbu ya Bibi Titi Mohamed

Wahenga wa Mwambao waliposema kwamba mcheza kwao hutunzwa, walikuwa wakiisema ngoma yenyewe kabla ya kuisema dunia. Uwanjani, mchezaji aliyewakuna watazamaji hutunzwa papo hapo: huwekewa fedha kichwani, huvishwa kanga, hupigiwa vigelegele, na sifa zake zikafika nyumbani kabla yake. Ahadi iliyomo katika methali hii ni kwamba mtu akitenda jema mbele ya watu wake, watu wake hawatalifumbia macho. Maisha ya Bibi Titi Mohamed, aliyefariki dunia tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg, Afrika Kusini, yanaitia ahadi hiyo mizanini. Alicheza kwao, akatunzwa. Kisha akaondolewa uwanjani, na kwa takriban miaka ishirini jina lake likawa halitajwi hadharani. Mwishowe akatunzwa tena, naye yu mtu mzima ambaye sauti yake ilikwisha kuchoka.

Wengi humkumbuka kwa picha: mwanamke mnene wa haiba, kitambaa kichwani, amesimama jukwaani karibu na Julius Nyerere katika miaka ya 1950. Picha hiyo haidanganyi, lakini haitoshi. Humfanya aonekane kama mfuasi hodari aliyetokea ghafla kando ya kiongozi, akapewa kipaza sauti, akahutubia. Haionyeshi alikotoka, wala haionyeshi umati wa wanawake waliosimama nyuma yake kabla chama cha siasa hakijawafikia. Ukweli wa mambo ni kwamba Bibi Titi hakwenda katika Tanganyika African National Union mikono mitupu. Alikwenda na mtaa wake, na mtaa huo ulikuwa tayari umejipanga kwa ngoma.

Mtoto wa mji

Alizaliwa Juni 1926 Dar es Salaam, katika jamaa ya Kiislamu. Baba yake hakupenda binti yake aende shule ya serikali. Baba alipofariki, mama ndiye aliyeamua mtoto asome, naye akasoma miaka michache ya shule ya msingi. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi kwa mabinti wa Pwani, na alipofika miaka kumi na minne akaozwa kwa mtu mzima aliyemzidi umri mara kadhaa. Ndoa hiyo haikudumu. Akabaki na mtoto mmoja wa kike, akaolewa tena, akaachika tena, na wakati TANU inaasisiwa alikuwa mke wa Boi Selemani.

Habari hizi hazikuwa za ajabu kwa mwanamke wa Dar es Salaam wa zama zile. Mji ulikuwa umekusanya watu wa kila namna: Wazaramo wa viungani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wazulu waliokuja na jeshi la Wajerumani, Wangazija, Washirazi na watu wa visiwani. Kariakoo, ambayo jina lake lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, Ilala na baadaye Magomeni, zilijaa nyumba za Kiswahili za vyumba sita, tatu kila upande wa ukumbi, zenye baraza mbele na ua nyuma. Baraza ilikuwa ya wanaume. Ua ulikuwa wa wanawake. Katika ua wapangaji wa makabila matatu au manne walipika pamoja, wakaazimana vyombo, wakauguzana na wakazikana. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya ua. Watu walioishi hivyo hawakuhitaji mtu wa kuwahubiria kwamba ukabila ni jambo linaloweza kuwekwa kando, kwa sababu walikuwa wakiliweka kando kila siku ili chungu kiive.

Wanawake wa mji ule walikuwa na jambo jingine lililowatofautisha na waume zao: wachache mno walikuwa wameajiriwa. Walipika vitumbua na maandazi, walikaanga samaki, walishona, na baadhi walimiliki nyumba na kupangisha vyumba. Kipato kilikuwa kidogo na kisicho na uhakika, lakini hakikutoka kwa bwana mkubwa wa Kizungu. Jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa baadaye kuliko mtu yeyote alivyodhani.

Ngoma yenye katiba

Bibi Titi alikuwa malenga wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alisifika kwa sauti katika maulidi, na alisifika kwa sauti hiyo hiyo katika lelemama. Ngoma ya lelemama ilijulikana Mwambao mzima, tangu Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja na Dar es Salaam: wanawake hujipanga safu, mwendo ni wa taratibu, mavazi ni ya sare, na nguvu yote imo katika maneno. Mtazamaji mgeni angeona starehe tu. Mwenyeji alijua kwamba ndani ya mistari ile mna kesi inayosikilizwa, deni linalodaiwa na mshindani anayepewa la kwake kwa mafumbo, bila kutajwa jina.

Vikundi hivi vilikuwa na utaratibu wake. Vilikuwa na viongozi wenye vyeo, mweka hazina, michango ya kila mara, na kanuni za nani amchangie nani kwa kiasi gani. Mwanachama akifiwa, wenziwe walijua ni wangapi watalala matanga na nani ataleta mchele. Akiozesha, sare ilikwisha kuchaguliwa. Vikundi vilishindana vikali, navyo vikaalikana, kwa maana ushindani wa ngoma hauwezekani bila ya mwaliko. Kiongozi wa kikundi alilazimika kuwajua wanawake wa mitaa mingi kwa majina, nyumba zao, wagonjwa wao na ugomvi wao. Alilazimika kuwa na kumbukumbu, busara na ulimi. Aliyeweza kuwaweka pamoja wanawake mia mbili kwa miaka kumi, bila ofisi na bila mshahara, alikuwa amefuzu kazi ambayo vyama vya siasa hutafuta watu wa kuifanya na hawawapati.

Mambo haya hayakuwa ya Dar es Salaam pekee. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi wanawake waliokuwa katika vikundi vya lelemama walivyoingia katika miaka ya 1950 kwenye vyama vya wanawake vilivyopigania maendeleo, ikiwemo elimu ya mabinti. Huko Unguja, Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba mwanamke wa asili ya unyonge anaweza kusimama kwa sauti yake, akasikilizwa na wakubwa na wadogo. Aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri, alifungua mlango ambao haukufungwa tena. Bibi Titi alikulia katika dunia ambayo sauti ya mwanamke ilikuwa na uwanja wake. Alilolifanya yeye ni kuuhamisha uwanja huo.

Swali la mgeni

TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, saba saba. Waasisi walikuwa kumi na saba, wote wanaume. Miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa walikuwamo Bibi Titi na mumewe: kadi ya Boi Selemani ilikuwa nambari 15, na ya mkewe nambari 16. Hata hivyo, chama hakikuwa na tawi la wanawake, wala hakikuonekana kuwa na haraka nalo.

Mwaka 1955 alifika John Hatch, mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, kuona hali ya siasa ya Tanganyika. Katika mazungumzo yake na viongozi wa TANU aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Akajibiwa kwamba wapo. Jibu hilo lilihitaji kufanywa kweli upesi, na Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa mji waliokuwa na bidii katika chama, akamfuata Bibi Titi. Hivyo ndivyo alivyokuwa kiongozi wa sehemu ya wanawake, na Tatu binti Mzee akawa katibu wake.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kina haki ya kuchekesha. Lakini ndani yake mna jambo la kutafakari. Wanaume wenye elimu ya Tabora na Makerere walihitaji mgeni kutoka London awakumbushe kwamba nusu ya watu wao hawamo chumbani. Na walipokumbushwa, hawakwenda kutafuta mwanamke mwenye cheti. Walibisha hodi kwenye nyumba ya malenga.

Bibi Titi na Tatu binti Mzee hawakuanza kwa kuitisha mkutano wa hadhara. Walianza kwa kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine. Kila kiongozi akawafikia watu wake kwa njia ile ile aliyozoea kuwaalikia arusi na matanga. Kufikia Oktoba 1955, Oscar Kambona, aliyekuwa mtendaji wa TANU, aliweza kuwaandikia rafiki za chama huko London, katika Fabian Colonial Bureau, kwamba mwanamke huyo, ambaye elimu yake ilikuwa ndogo, alikuwa amekwisha kuandikisha wanawake 5,000 kwa muda wa miezi mitatu hivi. Chama kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu kilipata kwa mkupuo mmoja jeshi ambalo hakikuliandalia kambi.

Kwa nini wanawake waliitika upesi hivyo? Sababu ya kwanza ni ile ya kipato. Waraka wa Serikali nambari 5 wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Karani, mwalimu wa shule ya serikali, mhudumu wa hospitali, kila mmoja alikuwa na cha kupoteza. Muuza vitumbua hakuwa na barua ya ajira ya kunyang'anywa. Mke aliweza kuchukua kadi ambayo mume aliiogopa, akaihifadhi katika sanduku la kanga, na ada ikalipwa kwa fedha ya unga.

Sababu ya pili ni mahali. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali, na askari kanzu walikuwapo kuandika kila neno. Lakini hakuna kibali kilichohitajika ili wanawake wakae uani wakichambua mchele wa arusi, na askari kanzu hana njia ya kuingia matangani upande wa wanawake. Habari ya mkutano wa Mnazi Mmoja iliweza kutoka Kariakoo asubuhi na kufika Temeke kabla ya adhuhuri, bila karatasi na bila jina la aliyeipeleka.

Sababu ya tatu ni lugha. Siasa za kudai nchi zilikuwa na istilahi ngumu: udhamini wa Umoja wa Mataifa, katiba, baraza la kutunga sheria. Bibi Titi alizungumza na wanawake kwa yale waliyoyajua. Hoja yake kubwa ilikuwa nyepesi na haijibiki: wanaume wote hawa, watawala na watawaliwa, wamezaliwa na wanawake; basi aliyezaa hawezi kuambiwa kwamba mambo ya walimwengu hayamhusu. Maneno haya yalikuwa na umbo la ngoma, mwito na kiitikio. Mwanamke aliyeyasikia mara moja aliweza kuyarudia nyumbani kwake, na aliyeweza kuyarudia alikuwa amekwisha kuwa mhubiri.

Zaidi ya mtaa

Kutoka Dar es Salaam kazi ilitanda nchi nzima. Bibi Titi alisafiri na viongozi wa chama hadi majimboni, penye joto na penye baridi, akizungumza na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona mwanamke wa Kiislamu akipanda jukwaani kuhutubia wanaume. Kwa mwanamke wa hali yake, safari zenyewe zilikuwa ni kuvunja mwiko. Alifanya hayo akiwa mke wa mtu, na minong'ono ya mitaani kuhusu mwanamke anayelala safarini haikuwa haba. Ndoa yake haikustahimili hadi mwisho.

Huko alikokwenda alikuta wanawake wengine waliokuwa wakifanya kazi kama yake kwa namna zao. Moshi alikuwapo Halima Selengia, na kila mji uliokuwa na ngoma ulikuwa na malenga. Susan Geiger, mwanahistoria wa Kimarekani aliyezungumza na Bibi Titi na wanawake wengi wa rika lake katika miaka ya 1980, alitoa kitabu mwaka 1997 kilichowarudisha wanawake hao katika historia. Hoja yake yastahili kukumbukwa: wanawake hawa hawakufunzwa utaifa na wasomi kisha wakaukariri. Waliuleta wenyewe, kwa kuwa maisha ya mji, lugha ya Kiswahili na vikundi vya ngoma vilikwisha kuwafanya watu wamoja kabla ya bendera.

Palikuwa na kejeli ndani ya mafanikio hayo. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mpiga kura mwenyewe alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Kwa vipimo hivyo, maelfu ya wanawake walioijaza TANU hawakuwa na haki ya kupiga hata kura moja katika hizo tatu. Waliimba, walichanga, walipika, waliandikisha, kisha wakasimama nje ya kituo. Hawakuvunjika moyo, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Kutoka uani hadi ofisini

Uhuru ulimletea Bibi Titi heshima. Alikuwa mbunge, akashika wadhifa wa naibu katika wizara ya maendeleo ya jamii, na ulipoanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mwaka huo huo Dar es Salaam iliwapokea wanawake kutoka nchi nyingi za Afrika, na mkutano wao ndio uliozaa siku ya wanawake wa Afrika inayoadhimishwa tarehe 31 Julai.

Lakini hapa ndipo pa kusimama kidogo. Kazi ya kudai uhuru ilihitaji watu wa kuita na kuitikia. Kazi ya kuendesha serikali ilihitaji mafaili, ripoti na Kiingereza. Malenga ambaye hazina yake ilikuwa kichwani alijikuta katika vyumba ambavyo hazina yapimwa kwa karatasi. Vikundi vya ngoma vilikuwa vimeshindana na kualikana kwa hiari. Umoja mpya wa wanawake ulikuwa chini ya chama, na maagizo yalishuka kutoka juu. Mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa katika uchaguzi wa ubunge Rufiji.

Likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967. Miiko ya uongozi ilimkataza kiongozi, pamoja na mengine, kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba, na hakukubali kuziacha. Akajiuzulu uongozi wa chama. Walioandika habari hii kwa haraka waliona tamaa ya mali dhidi ya usawa. Si haki kuimaliza namna hiyo, kama ambavyo si haki kudai kwamba miiko ilikuwa ya ovyo, kwa kuwa ililenga kuzuia viongozi wasijilimbikizie katika nchi maskini. Lakini chumba cha kupangisha, kwa mwanamke wa Pwani ambaye ameachika, hana pensheni na hana shamba la ukoo, hakikuwa ubepari. Kilikuwa ndicho chakula cha uzeeni. Sheria iliyoandikwa kwa kuwafikiria mawaziri na wakurugenzi ilimgusa mtu aliyetoka katika mji ambao nyumba ndiyo iliyokuwa kinga ya mwanamke asiye na mwanamume. Azimio na mtaa vilikutana, na havikuelewana.

Kesi na kimya

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Mwaka 1970 ilianza mbele ya Jaji Mkuu Philip Telford Georges kesi ya kwanza ya uhaini katika historia ya Tanzania. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama za kuipindua serikali alikuwa Oscar Kambona, aliyekuwa uhamishoni London tangu mwaka 1967; yule yule ambaye miaka kumi na minne kabla aliandika barua ya kumsifu mwanamke aliyeandikisha wenzake 5,000. Shahidi mkubwa wa upande wa mashtaka alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha PAC. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 mahakama ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani.

Ukweli wa mahakamani umeandikwa, na watafiti wataendelea kuupima. Kilichofuata hakikuandikwa na mahakama yoyote. Mwanamke aliyekuwa akijulikana nchi nzima alirudi katika mji ambao wengi walichelea kuonekana mlangoni kwake. Mume alikwisha kumwacha. Picha zake ziliacha kuonekana, na masimulizi ya kudai uhuru yakaendelea kana kwamba mahali pake hapakuwa na mtu. Watoto waliozaliwa baada ya uhuru walisoma shuleni habari za waasisi kumi na saba, wakamaliza shule bila ya kusikia kwamba palikuwa na kadi nambari 16.

Kumwondoa mtu mmoja katika historia si kazi ndogo, kwa maana mtu haondoki peke yake. Alipofutwa Bibi Titi, walifutika pamoja naye Tatu binti Mzee na wanawake wa Bomba, na wale wa vikundi vingine vya Kariakoo na Ilala. Ilifutika ngoma yenyewe kama sehemu ya siasa, ikabaki kuwa burudani ya kupokea wageni uwanja wa ndege. Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi. Taifa lilianza kuamini kwamba lilizaliwa katika mikutano ya wasomi peke yao, na likasahau kwamba lilinyonyeshwa uani.

Tuzo iliyochelewa

Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka thelathini ya uhuru, jina la Bibi Titi lilirudi katika gazeti la chama, akatajwa kuwa shujaa wa mapambano. Alikuwa na miaka 65. Wanahabari na watafiti walianza kumwendea, naye akawasimulia bila kujikweza. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka mmoja na wiki tatu baadaye akafuatia yeye, akiwa na miaka 74.

Leo barabara mojawapo kubwa za katikati ya Dar es Salaam inaitwa Bibi Titi Mohamed. Inapita kando ya viwanja vya Mnazi Mmoja, pale pale ambapo sauti yake iliwahi kuwakusanya maelfu. Upande wa pili wa viwanja hivyo ni barabara ya Lumumba, zamani New Street, palipokuwa na ofisi ya TANU. Mwenye kusimama katikati ya viwanja huwa na ofisi ya chama upande mmoja na jina la malenga upande mwingine, na hapo, kwa bahati njema ya wapanga mji, historia imekaa sawa kuliko inavyokaa katika vitabu vingi.

Barabara ni tuzo, na si haba. Lakini barabara haisimulii. Maelfu huitaja kila siku kwa makondakta wa daladala, na jina likabaki jina la kituo. Mtu aliyeishi kwa sauti hakumbukwi kwa kibao. Wapenzi wa ushairi wa Mwambao wana deni la namna yao katika jambo hili. Nyimbo nyingi za lelemama za miaka ile hazikuandikwa; zilikaa vifuani mwa wanawake waliozitunga, na kila mmoja anapoitika wito wa Mola huondoka na diwani nzima. Katika Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja, Tanga na Dar es Salaam bado wako wajukuu waliosikia bibi zao wakiimba jikoni mistari ambayo maana yake hawakuielewa. Kuikusanya mistari hiyo, pamoja na majina ya waliotunga, vikundi vyao na mafumbo yaliyomo, ni kazi ya historia kama ilivyo kazi ya fasihi. Haihitaji bajeti ya wizara. Yahitaji mjukuu, daftari, na subira ya kukaa uani.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na hawakutaja muda. Bibi Titi Mohamed alitunzwa kwa kuchelewa. Wenziwe waliocheza naye safu moja, ambao majina yao hayako katika kibao chochote, bado hawajatunzwa. Mola amrehemu yeye, na awarehemu wao.